Pampu Tatu na Mkwe Mmoja

Jumatatu, 9 Julai 2018. Kilindoni.

Injini imewaka! Imewaka sekunde kumi na moja, nimehesabu mwenyewe, kisha ikazima. Lakini imewaka. Majirani wameshuhudia, akiwemo Mfaume, aliyejifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa kavaa kandambili.

Naandika kwa kirefu kidogo leo, maana daftari hili wajukuu watakuja kulisoma. Pikapu yangu ni ya mwaka 1979. Injini yake ilikufa kwa uzee mwezi wa Rajabu. Hii niliyoipandikiza imetoka kwenye gari dogo la Kijapani lililogonga mnazi kule Baleni. Mnazi mzima, gari chapati, injini haina hata mkwaruzo. Nikaichukua. Fundi Laurean, Mhaya mpole mwenye gereji nyuma ya soko, kahangaika wiki saba mpaka ikakaa.

Leo kanieleza kwa nini inazima. Injini ya zamani ilikuwa ya kabureta, ilijivutia mafuta yenyewe, polepole. Hii ni ya EFI, ya kupuliziwa, inataka mafuta yaje kwa presha kubwa. Kwa hiyo tuagize Dar pampu ya nje, ya presha, imara, tuifunge chini ya gari karibu na tanki. Nimemsikiliza kwa heshima zote. Watu wa bara wanapenda sana kuagiza.

Kidawa, mke wangu, kauliza gari litakuwa tayari lini. Nikasema karibuni. Akanikumbusha, kana kwamba mimi nimesahau, kwamba mama yake Bimkubwa anakwenda hija, na ndege yake ya kutoka hapa ni Jumamosi ya tarehe 28, saa nne asubuhi. Siku ya Idi niliahidi mbele ya ukoo mzima kwamba nitamchukua kwake kijijini Kanga na kumfikisha uwanja wa ndege kwa gari langu. Mfaume alicheka hapo hapo, wali mdomoni. Mfaume ni mwanyumba wangu, kaoa Umi, dada yake Kidawa. Anaendesha boti za wageni kule Utende, ndani ya hifadhi ya bahari, na ana gari la Noah lenye kiyoyozi. Kiyoyozi hicho keshanisimulia mara nyingi kuliko harusi yake.

Kisha Kidawa kasema, kwa ile sauti yake ya upole ambayo ndiyo naiogopa, kwamba gari lisipomfikisha mama yake, Kombo aje alichukue. Kombo, jirani yetu, anafuga kuku. Anataka bodi aligeuze banda.

Nimelala mchana vizuri. Siku kumi na tisa ni nyingi.

Jumatano, 11 Julai

Pampu nimepata, na Dar sikuagiza. Ilikuwa kwenye gari moja bovu la saluni, la kabureta, lililoegeshwa Kigamboni yetu hii ya huku. Mwenyewe kaitoa kwa kubadilishana na saa ya ukutani. Saa ilikuwa zawadi ya harusi yetu lakini haijawahi kusema kweli tangu tuoane.

Pampu ndogo, nyepesi, ina adabu. Inasema tiki tiki tiki. Nimeifunga mwenyewe kwa waya. Gari limewaka, limeunguruma, nimetoka nalo uani kifua mbele. Limeshuka mteremko mpaka msikitini bila wasiwasi. Kurudi, nilipokanyaga mafuta lipande, likakohoa na kuzima. Nikakanyaga tena, likazima tena. Limepanda kwa kusukumwa na waumini sita, na mmoja wao alikuwa Mfaume, aliyesukuma kwa kidole.

Laurean kasema presha ya pampu ile ni ya kabureta. EFI inataka mara kumi yake. Nimemwambia pampu ni pampu. Kasema hata mtoto mchanga ni mtu, lakini huwezi kumpa gunia la mbata abebe. Mimi kazi yangu ni karani wa kupima mbata ghalani, kwa hiyo mfano ule nauona ulilengwa.

Kidawa kauliza saa iko wapi. Nimesema iko kwa fundi.

Jumamosi, 14 Julai

Wazo langu mwenyewe, na zuri. Lile gari la Baleni si lilikuwa na pampu yake ya asili? Ilikuwa ndani ya tanki. Nimekwenda na baiskeli, nimeitoa, nzima kabisa, presha ile ile inayotakiwa, na ni ya injini ile ile. Ni kama kumrudishia mtoto mama yake.

Laurean kasema haitafaa. Pampu ya ndani ya tanki huishi imezama, petroli ndiyo inayoipoza. Ukiifunga nje itaungua. Na tanki langu halina mlango wa kuiingiza.

Nimekaa chini ya mwembe wa gereji, nimefikiri dakika tano. Ikiwa inataka kuzama, tuizamishe. Laurean alipokwenda kula, nimeifunga mipira yake vizuri, nikaitumbukiza kwenye ndoo, ndoo nikaifunga nyuma ya kebini. Imewaka! Dakika kumi na mbili, na nimepanda mteremko wa msikitini huku nikipiga honi. Pampu kimya, baridi, raha mustarehe.

Kisha injini ikapiga chafya, ikatikisika, ikafa. Laurean kaja, kaangalia ndoo. Kauliza imezama kwenye nini. Nikasema maji, safi, ya kisima. Kachovya kidole, kakinusa. Kisha kauliza kwa utaratibu kama nina habari kwamba kile kinachoingia kwenye pampu ndicho kinachonywewa na injini.

Tumekamua maji kutoka kwenye mipira hadi alasiri. Hakuna kilichoharibika ila pampu.

Jumatatu, 16 Julai

Nimekubali kuagiza. Nimekubali kwa hiari yangu, baada ya Kombo kupita nyumbani na futi kuja kupima bodi. Kasema alikuwa anapita tu. Futi ilikuwa imeshafunguliwa.

Mwalimu Albina, jirani yetu, yuko Dar likizoni, anarudi Alhamisi kwa boti ya Nyamisati. Laurean kaandika karatasi: pampu ya nje ya EFI, ya presha, mpya isiyotumika, na filta ya kukaa mbele yake. Kasema kuchagua pampu ni hivyo tu, ijulikane presha yake, ijulikane inatosha injini, na muuzaji akubali kuijaribu mbele yako. Mimi nimempigia Albina na kuongeza: isiwe na kelele, na iwe ya rangi ya kupendeza. Mkwe atakaa karibu nayo.

Albina kauliza kwa nini mkwe akae karibu na pampu ya mafuta. Mtandao ukakatika.

Alhamisi, 19 Julai

Imefika. Mashallah. Ndefu kama kiganja, inang'aa, ina utepe wa buluu. Nimeiweka juu ya meza ya sebuleni, kwenye kitambaa cha kufuma cha Kidawa, na wageni wote wameiona. Mfaume naye kaja, eti kutusalimia. Kaishika, kaigeuza, kaipima uzito. Kisha kauliza utaifunga wapi.

Nimeshtuka. Mtu mwenye nia njema anauliza wapi?

Uamuzi umefanyika hapo hapo. Pampu haikai chini ya gari. Itakaa ndani ya kebini, juu, nyuma ya kiti cha abiria, nimeitengenezea kisanduku cha bati na kufuli. Laurean kasema hapana. Kasema pampu ya nje ni hodari wa kusukuma, kuvuta haijui. Inatakiwa ikae chini ya usawa wa tanki, mafuta yaiteremkie yenyewe. Ukiiweka juu utaitesa. Nimemwambia chini kuna mchanga, mawe na Mfaume. Kasema basi afunge popote ninapotaka, ila niandike mahali kwamba alikataa.

Naandika hapa: Laurean alikataa.

Jumapili, 22 Julai

Ushindi mtupu. Nimejaza tanki pomoni, nimezunguka Kilindoni mara tatu, nimepanda mteremko wa msikitini na gia ya tatu. Pampu inaimba kwa mbali, mmm, kama mtu anayesikia utamu wa chai. Kidawa kakaa pembeni, kacheka, kasema ana miaka hajapunga upepo hivi. Tumenunua miwa tukaila njiani.

Laurean alikuwa mlangoni mwa gereji. Kasema tanki likijaa, chochote kinafanya kazi. Wivu ni kitu kibaya, hata kwa Mhaya.

Jumatano, 25 Julai

Maandalizi ya heshima. Mimi na Bimkubwa tunaheshimiana sana. Miaka kumi na tisa ya ndoa, tunachoambiana ni shikamoo na marahaba tu, naye akiwa kavuta kanga usoni na mimi nikiangalia pembeni. Akitaka kunambia neno humwambia Kidawa, hata kama nimesimama hapo hapo. Nami hivyo hivyo. Mfaume naye hupelekewa maneno na Umi. Ndivyo ukwe ulivyo kwetu, na unasaidia sana, maana yapo mengi asiyonambia.

Kwa hiyo mimi usukani, Kidawa katikati, mkwe dirishani. Pampu itakuwa nyuma ya sikio lake la kushoto. Nimemshonea mto wa kuegemea.

Kuna harufu kidogo ya petroli kebini. Nilitaka kufukiza udi. Nilishapuliza makaa, Kidawa akatokea, akanyakua chetezo, akaenda nacho mbali sana, karibu na kwa Mfaume, ndipo akarudi na kunitazama. Tumenyunyiza marashi badala yake.

Ijumaa, 27 Julai. Kanga.

Baada ya sala ya Ijumaa tumekuja Kanga mimi na Kidawa, gari halijapepesuka. Mfaume na Umi wamekuja nyuma yetu na Noah, eti kusindikiza. Ukoo wote uko hapa. Dua, halua, pilau. Bimkubwa keshaufunga mzigo wake, begi moja na tasbihi. Kidawa kanitazama kwa upendo. Tanki limebaki robo, linatosha kabisa kurudi. Sikubeba dumu la akiba, nisije nikamnusisha mkwe petroli akiwa na nguo nyeupe.

Jumamosi, 28 Julai

Niandike yote, na kwa mpangilio.

Tumeondoka Kanga baada ya alfajiri, saa kumi na mbili na nusu. Bimkubwa mweupe kama theluji ya kwenye friji. Mfaume nyuma na Noah, kiyoyozi kikivuma. Pampu ilianza kulia mapema. Si ule wimbo wa chai. Ilikuwa inalia kweli, iii, iii, na kila kilima inazidi. Nikajifanya naimba kaswida ili nisiisikie. Kidawa kasema nyamaza. Tulipoipita Kirongwe gari likakata, likadaka, likakata, likasimama.

Saa mbili kasoro dakika kumi. Nikafungua boneti, nikaangalia vitu vyote kwa zamu. Nikafunga boneti. Nikafungua kisanduku cha pampu. Ilikuwa ya moto, na ndani ya mpira wa mafuta mlikuwa na mapovu matupu.

Noah ikasimama. Mfaume akashuka polepole, akafungua mlango wa ubavuni, baridi ikatoka, akasimama pale ameshika mlango kama kondakta. Loh! Baridi ile ilinikata maini. Nikaona kuku wa Kombo wametua kwenye usukani. Nikamtazama Kidawa, naye macho yalikuwa yamemjaa maji. Si ya hasira, maana ya hasira nayajua. Alitaka sana mama yake afike kwa gari letu. Sikuwa nimelijua hilo. Nilidhani ni mimi tu ninayelitaka.

Ndipo Bimkubwa akamwambia Kidawa, kwa sauti ya kawaida tu, amuulize mumewe mafuta yamebaki kiasi gani. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Kidawa akaniuliza. Nikamjibu Kidawa, robo pungufu. Kidawa akamjibu mama. Bimkubwa akasema amwambie mumewe basi ni hilo, tanki likishuka, kitu kilicho juu hakiwezi kuvuta, na mashine ya marehemu ilikuwa na tabia hiyo hiyo. Marehemu baba mkwe alikuwa mvuvi, na mashine yake ya boti Kanga nzima inaikumbuka, maana haikuwahi kwenda na kurudi siku moja.

Kisha akasema Umi aambiwe amwambie mumewe alete mpira wa mafuta wa boti, ule wenye pira la kubana katikati. Mfaume huwa harudi nyumbani bila mpira ule, anaogopa kuibiwa. Ulikuwa nyuma ya kiti cha Noah. Mfaume akasema mpira ni wa kazi. Umi akamgeukia mumewe. Mpira ukaja.

Mwanyumba wangu na mimi tukaingia chini ya gari pamoja. Tumekata, tumeunga pira lile kati ya tanki na pampu, tumekaza klipu nne, kidole changu kimechanika na shati lake la hifadhi limechafuka. Ameshika tochi vizuri. Nalikubali hilo. Pira likatokea kebini, pembeni ya kiti cha mkwe. Mtu mmoja alibane bila kuacha, liipandishie pampu mafuta, pampu isukume.

Nikasema Kidawa atabana. Bimkubwa akamwambia Kidawa amwambie mumewe kwamba Kidawa hajui, na kwamba yeye mama amebana pira miaka ishirini na sita kwenye boti ya baba yao. Mfaume akasogeza mlango wa Noah ufunguke zaidi, akamwambia Umi kwamba mama atachoka, na kule ndani kuna kiyoyozi. Bimkubwa akasema Umi amwambie mumewe kwamba baridi ile inamtoa mafua, na kwamba katika maisha yake hajawahi kufika popote pa maana bila kubana.

Gari likawaka. Mkono wa kulia tasbihi, mkono wa kushoto pira. Punje moja, pira moja. Subhanallah, bana. Subhanallah, bana. Tulipofika Baleni alikuwa kwenye Alhamdulillah, na pampu inaimba ule wimbo wake wa chai. Kidawa kaanza kucheka katikati yetu, kisha mama yake naye nikamsikia chini ya kanga. Kamwambia Kidawa kwamba mumewe huyu anafanana na marehemu. Kisha akamalizia Allahu Akbar zake zote kabla ya Kilindoni.

Uwanjani saa tatu na dakika arobaini. Alhamdulillahi! Watu wa mizigo walimnusa kidogo, wakatazamana, wakampitisha.

Tukaagana. Nikaangalia pembeni, nikasema shikamoo. Hakuitika. Akashusha kanga usoni, akanitazama mimi, si Kidawa, akanambia kwa jina langu: "Kheri mwanangu, pampu ikae chini ya tanki." Miaka kumi na tisa! Kidawa kashika mdomo. Nimesema ndiyo mama. Kaondoka.

Tumebaki pale mpaka ndege ikawa nukta. Kidawa kanishika mkono mbele ya watu. Kasema gari lisiuzwe. Kombo alikuwepo pia, nyuma ya uzio, nikampungia.

Jumatano, 1 Agosti

Bimkubwa kapiga simu, wamefika Jidda salama. Kamwambia Kidawa aniulize kama nimefanya. Nimesema nafanya leo.

Siku nne nimeyatafakari maneno yake. Neno la mkwe halirudi nyuma, na hilo ni la kwanza kunambia maishani. Laurean kafurahi, kaja asubuhi na spana zake zote, tayari kuiteremsha pampu. Nimemwambia asihangaike. Nani kasema iteremshwe? Pampu ile imekaa vizuri, ina kisanduku chake, ina kufuli, haifikiwi na mchanga wala na Mfaume. Kilichokosea mahali ni tanki.

Kwa hiyo nimelitoa tanki. Nimelipandisha juu ya paa la kebini na kulifunga kwa kamba za katani, fundo la baharini, haliachii. Mafuta sasa yanateremka yenyewe kama Laurean alivyotaka. Pampu iko chini ya tanki kama mkwe alivyoagiza. Na pampu yenyewe sikuigusa hata kidogo. Wote nimewatii kwa mpigo mmoja.

Laurean kaangalia paa. Kaangalia mnazi wa jirani. Kaangalia paa tena, akakusanya spana zake, akasema anadhani atakwenda kwao Bukoba kidogo.

Mfaume kataka pira lake. Nimekataa, nimemwambia ni amana mpaka mama arudi, maana nimelichongea kishikio cha mti na kulipamba kwa utepe wa buluu. Atakapotua, atakuta kiti chake na pira lake vinamsubiri. Kidawa bado hajaona. Yuko sokoni. Atafurahi sana.

Jioni hii Kombo kapita na futi yake. Kapima bodi, kisha akapanda kwenye tairi akapima na paa. Nimemwambia gari haliuzwi, Kidawa keshatamka. Kasema anajua, wala hana haraka.